Mpaka Malachi Apite

Kaka yangu Festi alikuwa ameweka kiti mbele ya mlango, kikombe cha chai mkononi, mgongo kaegemeza kwenye komeo. Ndivyo alivyokaa kila asubuhi.

"Sogea, Mjomba," alisema binti yangu Dervla, begi begani. "Basi la kwenda mjini Galway linapita saa moja."

"Malachi hajapita."

Mzee Malachi ndiye nahodha wa mashua ya Festi. Akikutana njiani na mwanamke mwenye nywele nyekundu, anaona nuksi, anageuza kurudi kwake na siku hiyo haendi baharini. Utotoni mwangu wavuvi wote wa hapa walikuwa hivyo, na mimi, nywele nyekundu kama za Dervla, nilifungiwa humu humu kila asubuhi mpaka mashua ya mwisho itoke. Mama alikuwa akinisugua madoadoa ya usoni kwa mtindi hadi ngozi inawaka, kisha ananifunga kitambaa kichwani. Sijakivua mbele za watu tangu hapo.

Siku hizi Festi havui samaki, anatembeza watalii, na watalii wanapenda nywele nyekundu kuliko bahari yenyewe. Basi Dervla hufungiwa mpaka Malachi apande mashua, maana akishapanda nuksi haimpati, halafu anatolewa mbiombio akasimame gatini, nywele kazimwaga mabegani, apigwe picha. "Usijipake poda," Festi humwambia. "Ukificha hayo madoa nani atakata tiketi?" Mama yetu angesikia hayo angekufa mara ya pili.

Chuo cha uuguzi kilishamwita kwenye usaili, akakosa basi. Wakamwita tena leo, wakamwambia hakuna mara ya tatu.

"Atakwenda mwakani," Festi alisema. "Kwani uuguzi unahama? Leo nina Wamarekani tele."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo!" Dervla alilia.

Hasira zilinipanda. Nikasema nakwenda kulisha kuku. Festi alinipisha, maana mimi na kitambaa changu hatujawahi kumsumbua mtu, akarudisha komeo nyuma yangu.

Kuku niliwapita, nikaenda kusimama barabarani. Malachi akigeuka, niliwaza, Festi hatakuwa tena na sababu ya kumzuia mtoto. Nikamwona anakuja na buti zake za mpira. Nikavua kitambaa.

Alisimama, akanitazama kichwani, akaangua kicheko.

"Bríd! Kumbe umekuwa mweupe pe kama kondoo! Pita, mama, pita. Wewe huna nuksi tena."

Kioo chetu ni kidogo na mimi huchana nywele bila kutazama. Nilijua mvi zipo. Sikujua kwamba wekundu wote umekwisha, umeishia ndani ya kitambaa. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa mtindi wa Mama.

Mara dirisha la jikoni likafunguka. Begi lilitangulia, kisha Dervla, nywele wazi. Dirisha lile halina komeo wala halijawahi kuwa nalo, na miaka yote ile mimi sikuwahi hata kuligusa.

"Umeamkaje, Mzee Malachi?" alimwambia uso kwa uso.

Mzee alitema mate chini, akageuza kurudi kwake. Festi akatoka mbio, chai inamwagika. "Malachi! Ngoja bwana! Huyo ni mtoto tu!"

Basi likaja, Dervla akapanda. Alinipungia mkono mpaka kwenye kona.

"Umeniharibia siku, Bríd," Festi alisema aliporudi peke yake. "Sasa komeo la nini? Wewe hata ukilala njiani, hakuna atakayegeuka."

Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa wazi na kiti kimerudishwa mezani. Kuku walikuwa wanapiga kelele kwa njaa. Nilifunga kitambaa, nikakaa ndani, nikasubiri Malachi apite.