Gauni la Kubana Tumbo

Dada yangu tulimwita Bonge, naye akawa anaitika tu, maana ukiwa mnene watu hawakuombi ruhusa. Kwaya nzima iliamini sauti yake inatoka kwenye mafuta. Mwili wote ule, walisema, sauti ikose kwa nini? Upuuzi mtupu. Mwalimu wa kwaya alishachoka kuwaeleza kwamba nyama haziimbi: pumzi ikishuka chini, tumbo likapanuka na mbavu zikafunguka, hapo ndipo nguvu ilipo, uwe mnene uwe mwembamba. Nani alimsikiliza?

Basi ikatangazwa kwamba watu wa studio wanakuja kuchagua mwimbaji mmoja wa kurekodi naye. Dada alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu tukilala kitanda kimoja. Akaenda kwa fundi cherehani kushonesha gauni. Fundi alipomzungushia futi kiunoni, dada akavuta tumbo ndani kama anayepita kwenye kichochoro. Fundi akamwambia apumue kawaida. Akajibu kwamba hivyo ndivyo anavyopumua. Fundi wa watu afanyeje? Akakata kitambaa kwa kipimo alichopewa.

Gauni likatoka, jamani, likamkaa. Kila mtu akamwambia amepungua. Siku ya siku aliingia ukumbini kifua mbele, nami roho yangu kwatu.

Alianza vizuri. Ulipofika mstari mrefu, ule unaotaka pumzi moja mpaka mwisho, nikaona mabega yanapanda. Tumbo lilitaka kutoka, gauni likalikatalia. Sauti ikakatika katikati. Akachaguliwa binti mwembamba ambaye ungemnyanyua kwa mkono mmoja, kavaa gauni pana la kuazima. Nyuma yangu mtu akanong'ona eti Bonge amekonda, sauti nayo imeondoka na kilo. Nusura nimzabe kibao.

Kwenye stoo tuliyopewa ya kubadilishia nguo zipu iligoma, nikaichana mishono kwa mikono yangu. Dada akavuta pumzi, tumbo likajaa, na palepale, kati ya mafagio na ndoo, akauimba mstari wote bila kukatika. Mwalimu akafungua mlango, machozi yakimlengalenga.

“Si ungeimba hivi pale mbele, mwanangu?”

“Tangu utoto nasifiwa sauti tu, mwalimu,” dada akasema. “Leo nilitaka wanione mzuri.”

Ukumbini walikuwa bado wanampigia mwenzake makofi.