Chumba cha Anayekufa

Jumapili mchana ndiyo ilikuwa siku yao ya kucheza. Mshona mapazia, mumewe wa zimamoto na wifi yake msusi walizunguka meza ya chakula. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa msimulizi: anawaeleza pango, mvua na adui, nao wanasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu ya pande ishirini inaamua. Mhusika wa mshonaji alikuwa mwindaji wa kike, mkavu wa macho, mwepesi wa upinde. Alikuwa amekaa naye miaka, hadi akawa anamheshimu kama dada mkubwa.

Siku hiyo shemeji alikuja na sheria mpya ya kufa. Zamani aliyeishiwa nguvu alirusha dadu mbele ya wote: kumi na kuendelea, amepona, chini ya hapo, amesogea kaburini, akipata mbaya tatu, buriani. Sasa, alisema, anayekufa ataingia chumbani peke yake, atarusha kila msimulizi akigonga ukuta, na hatatoa sauti. Walio nje hawatajua kama bado anapumua mpaka mmoja wao arudi kumgusa. Wifi akasema huo si mchezo tena, ni mahabusu. Mume akasema ni sawa, ndivyo mambo yalivyo kwenye moto wa kweli.

Chai haijapoa, daraja la kamba likashika moto, na mwindaji akaanguka upande wa pili.

Mshonaji akachukua dadu, akaingia chumbani kwao huku anatabasamu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Ukuta ukagongwa. Akarusha. Nne.

Nje, wifi alikuwa anataka warudi kabla kamba hazijakatika. Kisha mshonaji akaisikia sauti ya mumewe, ile tulivu anayoitumia akipokea simu za kazini.

"Hatuvuki. Aliyebaki kabaki. Tukirudi tutakuwa maiti watatu badala ya mmoja."

"Huyo ni mkeo," wifi akasema.

"Najua ni nani."

Ukuta ukagongwa. Saba. Alijua fika kwamba mchezo ni mchezo, lakini chumba kilikuwa kama kinamsogelea. Akatega sikio asikie kiti kikivutwa, hatua, chochote. Kimya. Alitamani akohoe tu, mumewe ajue yu hai. Sheria ilimfunga mdomo, ila kilichomtisha zaidi ni kwamba hakuwa na hakika kama kikohozi kingemrudisha.

Akagongewa tena. Akarusha akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, aliona kumi na sita. Mwindaji kapona.

Akasubiri. Hakuna aliyekuja. Tayari walikuwa wanajadili njia iliyo mbele na nani abebe chakula. Mwishowe akatoka, akaiweka dadu mezani.

"Amekufa," akasema.

Wageni walipoondoka, mke na mume waliosha vikombe, na mume akauliza alikuwa amepata ngapi mara ya mwisho.

"Kumi na sita."

"Basi alikuwa hai."

"Alikuwa hai, nanyi mnagawana mizigo." Akafunga bomba. "Nyumba hii ikiungua nami nimo, utaniacha?"

Mume akamwambia kwamba alikwisha kumwomba mkuu wake asimtume kamwe mtaa huu.

"Nikifika hapa sitasikia amri ya mtu," akasema. "Nitaingia, wenzangu watanifuata, na tutakwisha wote. Kwa hiyo watakuja wengine."

"Watu wasionijua."

"Wanaoijua kazi."

Akamshika bega kwa mkono uliolowa. Mshonaji alidhani angefarijika kwa kujua anapendwa kiasi hicho; badala yake akaenda kuhakikisha jiko limezimwa.

Jumapili iliyofuata shemeji aliifuta ile sheria, na wifi akashikilia mwindaji afufuliwe. Mshonaji akakataa, akaanza na mhusika mpya.

Ila kazini mambo yalibadilika. Akimaliza kunyoosha mapazia ya mteja, anachomoa pasi, anafunga mlango, anafika nje, kisha anarudi. Anaigusa pasi, bado ina moto. Anavuta kigoda, anakaa karibu nayo mpaka ipoe.