Ili Recho Amwone Akipita

Mpanda nzima ilikuwa imeshamzika Prisila, yeye akiwa bado anasonga ugali. Lililobaki ni jeneza tu.

Alikuwa mama ntilie karibu na soko la Kashaulili, mama wa Edgar, mjane wa dereva aliyekufa lori lilipopinduka njia ya Sitalike. Alikuwa na mwili, tena mwili wa kusifiwa, na watu walisema ukimtazama mpishi umeshajua chakula chake. Wafanyakazi wa reli, wauza mpunga wa kutoka Mwamkulu, makarani wa ofisi za serikali, wote walikula kwake, na samaki wake, migebuka ya nazi, wakiisha kabla ya saa nane mtu alinung'unika kama amedhulumiwa. Kibanda kilichopakana na chake kilikuwa cha Recho, aliyeitwa Mama Suzana, naye mama ntilie, shoga yake tangu walipokuwa wasichana. Waliazimana chumvi, waliazimana moto, na mmoja akiuguliwa mwenzake alimwangalizia masufuria.

Mwaka wa tisini na nne Prisila akaanza kushikwa na kizunguzungu. Daktari akampima, akampima tena.

"Presha yako iko juu, mama. Vidonge nitakupa, lakini vidonge peke yake havitoshi. Punguza mafuta, punguza chumvi, na huo mwili uutoe jasho. Tembea. Ukiweza, kimbia."

Prisila alicheka njia nzima. Akimbie, yeye, mama mtu mzima? Alipofika sokoni mtu wa kwanza kumsimulia alikuwa Recho, nao wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu. Kila neno la daktari, presha, mafuta, jasho, Recho alilisikia siku ile ile kutoka kinywani mwa Prisila. Hilo Prisila hakulisahau kamwe, na ndilo lililomchoma kuliko mengine yote.

Alianza kwa kutembea. Kabla jua halijatoka alijifunga kitenge juu ya suruali ya michezo aliyoinunua kwenye mitumba, akashika njia ya Mwamkulu, na akishapita nyumba za mwisho alikivua kitenge akakifunga kiunoni kama mshipi. Wiki zikapita, kutembea kukawa mwendo wa haraka, mwendo wa haraka ukawa mchakamchaka. Kifua kilimwaka moto, magoti yalilia. Lakini kizunguzungu kilikoma, akaanza kulala usingizi wa mtoto. Na mwili ukapungua. Yalianza mashavu, ikafuata mikono, mwishowe magauni yakawa yanamning'inia kama yametundikwa kwenye kamba.

Miaka ile ya ukimwi kupungua hakukuwa jambo la mchezo. Kila mtaa ulikuwa na msiba, na kila mtu alijua marehemu alianzaje: alianza kwa kupungua.

Gaudensi, fundi wa reli, alikula kwa Prisila kwa miaka mingi. Siku moja Prisila akamwona amekaa kwenye benchi la Recho, amempa mgongo. Kesho yake wakahamia wenzake wawili. Baada ya muda alikuwa anapika sufuria nzima ya wali na kurudi nayo nyumbani karibu yote. Hakuelewa, mpaka aliposikia sauti ya Recho ikipenya kwenye mabanzi ya ukuta.

"Mimi simsemi mtu. Ila nyie wenyewe mna macho. Mwanamke mzito kama yule anaishaje hivi? Kakanyaga waya huyo. Hafiki Pasaka."

"Si mumewe alikufa kwa ajali?" mteja mmoja akauliza.

"Lori lilimwahi tu," Recho akasema, akamwongezea mchuzi.

Prisila alisimama na mwiko mkononi. Alitaka kuingia kule ammwagie uji wa moto. Badala yake aliinama akapuliza moto, machozi yakamtoka, akajiambia ni moshi.

Yaliyofuata yalikuja mfululizo. Katika sherehe ya ubatizo kwa Katarina, mwenzake wa kwaya, watu wote walipokezana bilauri za togwa, yeye akaletewa kikombe chake peke yake, cha plastiki. "Hiki chako, Mama Edgar," Katarina akasema bila kumtazama usoni. Baada ya hapo akaja Malale. Malale alikuwa mfugaji wa Kisukuma pale Mwamkulu, mgane mpole, na walikwisha kubaliana kuoana baada ya mavuno. Alifika na baiskeli yake na hakushuka, alikanyaga mguu mmoja chini tu.

"Mimi siamini maneno ya watu, Mama Edgar. Ila wazee wangu wameyasikia."

"Na wewe umesikia nini?"

Malale akaikazia macho kengele ya baiskeli. "Mimi nina watoto wadogo," akasema, akaondoka.

Siku ile Prisila aliacha kukimbia. Akaona kama wembamba ndio unaomuua, basi atanenepa. Akarudia chapati za mafuta, akala ugali mara mbili usiku, akanywa bia mbili tatu ambazo hakuwa na mazoea nazo, ili mashavu yarudi. Edgar, aliyekuwa sekondari ya bweni, aliporudi likizo alimkuta mama yake amevimba macho na anahema akipanda ngazi za kanisa. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi kweli. Na presha nayo ikarudi. Asubuhi moja akiwa anaepua sufuria ya maharage dunia ikamzunguka, akaanguka, maharage yakamuunguza mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Akiwa chini, kabla watu hawajamwinua, alimsikia Recho.

"Si niliwaambia? Sasa imeanza kumwangusha."

Akipungua, anakufa. Akianguka, anakufa. Prisila alilala hospitali na mkono umefungwa bendeji, akaligeuza jambo hilo huku na huku, na kilichokuwa huzuni kikaganda kikawa kitu kingine. Kumpiga Recho kungempa kesi. Kumtukana kungempa Recho mazungumzo ya mwezi mzima. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Recho alikuwa ameshawaahidi wateja wake, nacho ni kifo cha Prisila. Basi hicho hawatakipata. Ataishi. Ataishi mbele ya macho yao, kila asubuhi, mpaka wachoke kumtazama.

Mkono ulipopona alimfuata Isidori, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mwanamume mkavu aliyewahi kukimbia jeshini. "Nataka kukimbia miaka mingi," akamwambia. "Si miezi. Miaka."

Isidori akamtazama. "Una hasira, mama."

"Ninayo."

"Hasira inakutoa kitandani, haikufikishi mbali. Ukikimbia na hasira kila siku, goti litakwisha kabla ya adui yako." Akamfundisha kuanza taratibu, mwendo wa mtu anayeweza kuongea huku anakimbia. Akamkataza kukimbia siku mbili ngumu zikifuatana. Akamwambia anywe maji kabla ya kiu, ale uji wa ulezi na karanga, na Jumapili aende Misa akae, miguu nayo isali. Raba zake za mitumba zilizoliwa upande mmoja akazitupa jalalani mwenyewe. "Hizi ndizo zinazokuumiza goti. Tafuta nyingine."

Prisila alitii yote isipokuwa moja. Isidori alimshauri njia ya Mwamkulu, ya udongo laini, isiyo na watu. Kwenda alikwenda huko. Lakini kurudi alirudi kwa kupitia sokoni, saa ile wateja wa Recho wamekaa kwenye mabenchi na vikombe vya chai. Akikaribia alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akapita. Hakusalimia wala hakutazama pembeni.

Mwanzoni walicheka. "Anakimbiza kifo!" kijana mmoja akapiga kelele, na benchi zima likaangua kicheko, Recho akacheka kuliko wote. Pasaka ikafika, Prisila akapita. Masika yakaja na matope yake, akapita na matope hadi magotini. Zilikuwapo asubuhi ambazo mwili ulikataa kabisa, mvua inapiga bati na blanketi lina joto. Asubuhi kama hizo alijinong'oneza neno moja tu, Pasaka, na miguu ikashuka chini yenyewe. Kuna wanaoamka kwa ajili ya afya, na kuna wanaoamka kwa kumpenda Mungu. Prisila aliamka kwa ajili ya Recho.

Wateja hawakurudi, au walirudi mmoja mmoja. Alihamisha kibanda chake karibu na stesheni, akawapikia abiria wa treni, watu wasiojua habari zake. Malale alioa mwanamke mwingine, Ng'washi, na Prisila akiwakuta kwenye njia ya Mwamkulu aliongeza mwendo tu. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Kicheko kwenye mabenchi kikapungua, kikawa minong'ono, halafu watu wakakaa kimya alipopita, kama mtu akipita na msalaba. Mtu wa waya hakimbii hivi miaka yote hii, hilo kila mmoja alilijua moyoni, lakini hakuna aliyelitamka. Kulitamka kungekuwa kukiri.

Mwaka wa tisini na nane, asubuhi moja ya kiangazi, Prisila alifungua mlango akamkuta Recho uani. Alikuwa amejifunga kitenge, miguuni ana kandambili, na amenenepa hadi pete imezama kidoleni. Kwa miaka minne hawakuwa wamesemezana.

"Mama Edgar," Recho akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeifanyia mazoezi usiku kucha. "Nimeanguka juzi sokoni. Daktari anasema presha. Anasema nisipopungua..." Akatazama raba miguuni mwa Prisila. "Naomba nikufuate. Unionyeshe."

Prisila alifunga kamba za raba zake pole pole. Alikuwa amewaza siku ya namna hii mara nyingi, na katika mawazo yake alifunga mlango. Sasa aliona kuufunga ni kidogo mno.

"Leo hatuendi Mwamkulu," akasema. "Leo tunapitia sokoni. Na ukifika kwenye mabenchi yako utasimama, uwaambie ulijua nini siku ile nilipotoka kwa daktari."

Recho akashika shavu. "Mama Edgar, wale ni wateja wangu."

"Walikuwa wangu."

"Nitakuomba msamaha hapa hapa, nipige magoti."

"Sikunyang'anywa hapa hapa. Nilinyang'anywa kule. Twende, au rudi ukalale."

Walikwenda. Recho alikimbia kama gunia linalosukumwa, kandambili zikipiga pa, pa, pa. Prisila alijizuia kando yake, mwendo wa kuongea, ila hakuongea. Walipofika sokoni watu walishaanza kusimama. Gaudensi alikuwa na chapati mdomoni. Suzana, binti wa Recho aliyekuwa akimimina chai, aliacha birika hewani.

Recho alisimama, mikono kwenye magoti, jasho linadondoka vumbini. Prisila alisubiri.

"Huyu..." Recho akaanza, akakohoa. "Huyu alikuwa na presha tu. Aliniambia mwenyewe, siku ile ile. Daktari ndiye aliyemwambia akimbie. Nilijua."

"Ulijua tangu lini?" Prisila akauliza.

"Tangu mwanzo."

"Na ukawaambia nini?"

Recho akamtazama kwa macho ya kuomba. Prisila hakumsaidia.

"Niliwaambia hafiki Pasaka."

Hakuna aliyecheka. Gaudensi alirudisha chapati kwenye sahani, akatazama chini. Suzana aliweka birika mezani, akaingia ndani ya kibanda, akafunga pazia. Prisila aliwatazama mmoja baada ya mwingine, watu waliokula chakula chake na baadaye wakaogopa sahani zake, na utamu ukampanda kooni. Alikuwa ameambiwa kanisani kwamba kisasi ni kichungu. Haikuwa kweli. Kilikuwa kitamu mno, na aliogopa kidogo kwa jinsi kilivyokuwa kitamu.

Hata hivyo njiani kurudi aliligundua jambo jingine. Yule aliyemfanya aamke kwenye mvua na matope alikuwa nyuma yake, anahema, amekwisha. Kesho ataamkia nini? Katarina alikuja jioni na kikapu cha mayai, akalia, akaondoka. Gaudensi alikuja stesheni kula, akalipa, akaenda zake. Prisila aliwapokea. Kilichomsumbua kilikuwa asubuhi ya kesho.

Hakutegemea Recho kurudi. Lakini kesho yake alipofungua mlango alimkuta amesimama pale pale, kandambili zile zile, macho yamevimba kwa kulia. Wateja walikuwa wamesusa, Suzana hasemi naye.

"Nimekuja," Recho akasema. "Hata kama umeshanimaliza."

Prisila akaingia ndani akatoka na raba zake za zamani, zilizochakaa lakini zenye soli nzima, akazitupa miguuni pa Recho.

"Vaa. Kandambili zitakuvunja kifundo."

Recho alizitazama zile raba, uso ukaanza kulegea. "Umenisamehe?"

"Sijakusamehe."

"Sasa kwa nini?"

Prisila alishaanza kutembea kuelekea njia ya Mwamkulu. Aligeuka nusu, mikono kiunoni.

"Sitaki ufe, Mama Suzana. Ukifa, nani atanitazama nikipita? Kunywa maji kwanza, halafu nifuate. Taratibu. Na kesho usichelewe."