Tasbihi Tatu Hadi kwenye Mti

Mume wangu Bashir ana miaka arobaini na tisa, kitambi cha heshima, na kiburi cha watu wawili. Mwezi wa Agosti anataka kulikatiza Ziwa Nokomis, huku ughaibuni tunakoishi, kwa kuogelea pamoja na wendawazimu wenzake, na tangu barafu iyeyuke hajanipa raha. Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa Mombasa, bahari nikiiona kutoka dirishani, na hadi leo maji yakinifika magotini natoa shahada.

"Mama Isa, mimi nimelelewa na bahari," aliniambia. "Hili si ziwa, ni karai tu."

"Karai ambalo juzi lilikuwa barafu, watu wana-drive juu yake," nikamjibu. "Maji usiyoyafika hujui wingi wake."

Baada ya ugomvi wa siku tatu tukakubaliana: haendi peke yake, na haingii majini bila boya. Hilo boya ni mfuko wa rangi ya chungwa uliojaa hewa. Hufungwa kiunoni kwa kamba, likamfuata mwogeleaji nyuma ili aonekane, na ashikilie akichoka. Bashir alilichukia. Alisema anaonekana kama mbuzi wa kafara. Nikamwambia mbuzi aliyefungwa angalau hurudi nyumbani.

Basi kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka letu la mtaa wa Phillips, nilikaa kwenye gati la mbao na chupa ya chai na tasbihi yangu. Kutoka gatini hadi kwenye mti ulioinamia maji ng'ambo ni muda wa tasbihi tatu. Kurudi ni tatu, na nusu kama amechoka. Hofu yangu niliitia kwenye shanga, nikadhani nimeiweza.

Jumamosi ya kwanza ya Juni kulikuwa na upepo, na walinzi wa ufuo walikuwa bado hawajaanza kazi. Gatini alikuwapo mvuvi mmoja tu, Janvier, Mkongo wa Uvira, akipanga nyuzi zake ndani ya kimtumbwi cha plastiki. Bashir aliingia majini, akapiga yowe la baridi, akacheka ili nisijue limemtoka kweli, akaenda zake.

Tasbihi ya kwanza, boya linakwenda vizuri. Ya pili, linakwenda. Nikajimiminia chai. Hata nilimsifu moyoni kwamba leo ana kasi.

"Mama," Janvier akaniita, "ule mutu mwenye kuogelea ni bwana yako?"

"Ndiyo. Yule pale penye boya."

Alikaza macho. "Ile kitu inaenda na upepo tu, mama. Mutu anachapaka mayi. Pale hakuna mwenye kuchapa."

Nikatazama. Hakuna mkono ulioinuka. Hakuna povu. Boya lilikuwa peke yake, likirukaruka kuelekea ufuo wa ule mti. Tasbihi ikanitoka mkononi ikapotelea kati ya mbao. Nilikuwa nimekaa nikiuhesabia mfuko wa hewa, na sikujua tangu shanga ya ngapi.

"Bashir!" Sauti haikuwa yangu.

Janvier alikuwa ameshashika kasia. "Unionyeshe njia! Usiangalie boya, angalia mayi!"

Nilipiga simu ya dharura na Kiingereza chote kikanikimbia, nikabaki nikisema jina la ziwa tu. Bashir alikuwa amevaa kofia nyeusi kwa sababu ile ya rangi alisema ni ya watoto, na sasa kila wimbi lilikuwa jeusi. Nilitazama moja, likavunjika. La pili, likavunjika. Kisha kushoto, mbali kabisa na boya, kitu kidogo kikachomoza, kikazama, kikachomoza tena.

"Kushoto! Kushoto!" Nilinyoosha mkono na sikuuteremsha. Niliogopa nikiuteremsha atazama.

Janvier alimfikishia kasia, Bashir akaning'inia nyuma ya mtumbwi, akaburutwa hadi mchangani. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilimvika baibui langu juu ya taulo, na watu wa ambulensi wakamkuta akitetemeka hata kikombe hawezi kukishika.

Maneno yalimjia kidogokidogo. Maji ya chumvi humbeba mtu, haya hayakumbeba. Miguu ilizama, kamba ikamzonga goti, akaifungua kiunoni mara moja tu aitengeneze. Upepo ukalichukua boya. Alipolifukuza, baridi ikamkaba kifua.

"Nilikuita mara tatu," alisema, meno yakigongana. "Nilikuona, Mama Isa. Umetulia, unakunywa chai, unalitazama boya. Nikajua hutanitafuta, kwa sababu unadhani unaniona."

Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Wiki mbili baadaye alichukua tena mfuko wake wa kuogelea, akanitazama kama mtoto anayesubiri kukatazwa. Sikumkataza. Kamba nilimfunga mwenyewe, nikamvalisha kofia ya rangi ya chungwa, naye akainamisha kichwa. Janvier humfuata na mtumbwi wake, na mahamri yangu hayamkosi. Tasbihi nyingine ninayo, lakini siendi nayo ziwani. Nahesabu mikono: mmoja, mwingine, mwingine. Nikipepesa jicho, moyo husimama mpaka nione unaofuata.