Fatundu Asiye na Chumvi

Muniru, dereva wa lori wa pale Bwera, alizoea kuzitia chumvi habari zake za safari, na watu wote walimsamehe isipokuwa mama mkwe wake. Bibi huyo, Yayeri, alikuwa amechota chumvi ya Katwe miaka arobaini, magoti ndani ya ziwa la chumvi lisilo na hata kiluwiluwi. Alipoambiwa kwamba bahari ni ya chumvi na imejaa samaki, alisema bintiye ameolewa na mwongo. Neno hilo lilimchoma Muniru, maana safari hiyo alikuwa amesema kweli tupu.

Basi akarudi kutoka Mombasa na fatundu kwenye sanduku la barafu: samaki mwekundu wa miambani, mnene, ambaye wavuvi wa kule wakimpata huringa siku nzima. Akamwalika mama mkwe, akamkataza mkewe Mariat kutia chumvi hata chembe. Bahari ijisemee yenyewe.

Yayeri alikula chakula chake chumbani na Muniru barazani, kwa kuwa Yayeri alishika desturi ya zamani: mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawasemezani. Mariat alikaa mlangoni kupitisha maneno, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

“Muambie bwana yako, samaki hii haina chumvi,” Yayeri akasema. “Mimi natoka mu ziwa, naoga na sabuni, na ngozi bado iko na chumvi. Hii ilizaliwa mule, ikakulia mule. Chumvi yake ilienda wapi?”

Muniru hakujua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amezama hadi shingoni.

“Lakini iko tamu,” Yayeri akaendelea, akifyonza kichwa mpaka macho. “Muambie, safari ingine naenda naye. Nitatia kidole mu hiyo bahari, nilambe.”

Muniru akapiga hesabu. Siku nne ndani ya lori moja na mama mkwe asiyemtazama, na Mariat yuko nyumbani! Njia ya kujiokoa ilikuwa nyepesi: akiri tu kwamba alidanganya, samaki ni wa ziwa fulani la mbali. Akafungua kinywa.

“Miaka makumi ine nasimama mu maji ya chumvi,” sauti ya chumbani ikasema polepole, “na sijaona kitu yoyote inaishi ndani. Kama iko, nataka kuiona kabla nikufe.”

Muniru akafunga kinywa. Aibu ilimshika, na pamoja nayo huruma ambayo hakuwahi kumwonea mwanamke yule.

“Mariat, ambia mama tunatoka Jumanne,” akasema. “Abebe koti. Nairobi iko baridi.”