Mwenye Jina la Laramie Dell

Orval Tackett alifika uwanja wa rodeo, maonyesho ya wachunga ng'ombe, mjini Quanah, Texas, saa nne asubuhi, na mpaka saa tano hakuna mtu aliyekuwa amemtambua. Mwaka mmoja tu nyuma asingeweza kununua soda mji ule bila watoto kumng'ang'ania kiunoni. Watu wana usahaulifu wa ajabu, wallahi.

Kwa miaka kumi na miwili Orval alikuwa Laramie Dell, mchunga ng'ombe mwenye gitaa, aliyeimba juu ya farasi katika sinema hamsini na tatu na kuwapiga majambazi ngumi bila kofia kudondoka. Jina alipewa na kampuni ya sinema, maana Orval Tackett, walisema, ni jina la fundi bomba. Likawa mali ya kampuni. Sawa, lakini koo lilikuwa lake! Watoto nchi nzima walikuwa na kadi za klabu yake, na nyuma ya kadi kiapo: nitasema kweli, nitamtunza mnyama, sitaonja pombe. Kiapo kilimbana na yeye pia. Mwanaume mzima, akialikwa chakula anaagiza maziwa.

Kisha wakubwa wa kampuni wakaletewa habari kwamba Laramie Dell ni mlevi. Akaitwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana unga ulikuwa umemwagika. Jina na farasi wakampa kijana mmoja, Dwayne Kessler.

Ni kweli alikunywa. Glasi moja ya wiski, siku ya kumzika mama yake, jikoni, na rafiki yake Hobart Pruitt. Moja! Ila mke wa mchungaji wa kanisa lao, Bi Ledbetter, aliingia ghafla na pai ya pichi ya kuwapa wafiwa, akaiona glasi. Hobart ndiye aliyemnong'oneza baadaye: "Ni yule mama tu, nani mwingine?" Orval akamvaa Bi Ledbetter mlangoni pa kanisa, Jumapili, waumini wote wakisikia. Mama wa watu alilia tu.

Sasa alikuwa amemfuata Hobart, aliyekuja hapo uwanjani kuchekesha watazamaji. Huyu alikuwa mchekeshaji wake katika sinema zote hamsini na tatu, na wakubwa walimwamini. Akienda Jumatatu akasema Orval si mlevi, basi jina linarudi. Ndilo tumaini pekee alilobaki nalo.

Alimkuta katika kibanda nyuma ya mazizi akibandika ndevu za bandia.

"Ah, ndugu yangu!" Hobart aliruka. "Umekonda wewe! Huli?"

"Nakula. Hobart, twende Jumatatu. Maneno mawili tu, wewe unanijua."

"Jumatatu... Jumatatu nina meno, bwana. Daktari wa meno."

"Basi Jumanne."

Hobart akaihangaikia gundi. Kabla hajapata uongo wa pili, Dwayne akaingia, ndani ya shati lenye nyota za fedha ambalo Orval alilifahamu mshono kwa mshono. Kijana akavua kofia mara moja.

"Mzee Tackett! Jamani, nimekua na kadi yako mfukoni mimi!" Uso ulimng'aa kwa furaha ya kweli. "Usihofu, jina nitalitunza. Huyu mzee Hobart hacheki na mtu. Ameniambia hata bia nisinuse, akisikia tu anapanda ghorofani kwa wakubwa, kama alivyopanda kwa..."

Akamtazama Hobart, akamtazama Orval, akarudisha kofia kichwani na kutoka bila kuaga.

Orval akamgeukia Hobart. "Ni wewe."

"Orval, sikiliza..."

"Wiski uliimimina wewe! Mimi nilikuwa nalia, ukanishikisha glasi. 'Kunywa, ndugu yangu, nani atajua?' Na Bi Ledbetter nimemtukana mbele ya kanisa zima, Hobart, kwa fitina uliyonitia wewe!"

"Walitaka kijana." Ndevu zilining'inia upande mmoja. "Walitafuta sababu tu. Walisema nikiwapa sababu nitabaki, nisipowapa tunakwenda wote wawili. Nina miaka sitini na mbili. Ningekwenda wapi?"

"Ungeniambia. Ningeondoka mwenyewe, mjinga wewe, na ningekuombea ubaki."

Nje walimwita Hobart, zamu yake imefika, na alikwenda. Naam, alikwenda, ndevu akizishikilia kwa mkono.

Orval alitoka pia, akakaa benchi la kwanza aliloliona katikati ya watazamaji. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Hasira angeiweza. Kilichomuua ni kwamba miezi yote ile, kila alipolemewa, alimpigia simu Hobart, na Hobart alimpa pole.

Tarumbeta zikalia. Mtangazaji akavuta pumzi kwenye kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, mfalme wa wachunga ng'ombe waimbao, Laramie Deeell!"

Na Orval, bila kufikiri, akasimama. Miaka kumi na miwili mwili umezoea. Akavua kofia na kuinua mkono kuwapungia.

"We mzee, kaa chini!" mwanamke akamfokea kwa nyuma, mtoto mapajani. "Unatuziba, tumekuja kumwona Laramie Dell!"

"Samahani, mama," Orval alisema, akakaa.