Nimeuliza Bei

Wanasema biashara haigombi. Hao waliosema hawakuwahi kufika Usenge siku ambayo Beldina na Amolo walikuwa na samaki, maana pale biashara iligombana, ikatukanana, ikashika kiuno, na watu wakaacha nyavu zao kuja kusikiliza.

Walikuwa wasichana bado, na ujanja wao ulikuwa huu. Beldina anakaa ufukoni na karai la ngege, samaki wa ziwani. Amolo anatokea upande wa barabara, leso begani, kama mgeni aliyeshuka basi la Kisumu sasa hivi. Anainama, anamfungua ngege mashavu, anakunja uso. "Samaki gani huyu? Amekufa kwa uzee." Beldina anamjibu kwamba samaki alikuwa ananukia vizuri mpaka yeye alipofika. Amolo anataja bei ya matusi. Beldina anamwita Mungu ashuke ashuhudie. Watu wanajaa, kila mmoja na upande wake, hadi bei inateremka kidogo na Amolo analipa huku akilalamika. Wale waliosimama wanaona kumbe bei hiyo ni zawadi, nao wananunua. Baadaye, nyuma ya mitumbwi, Amolo anamrudisha ngege wake karaini na wanacheka hadi mbavu zinauma.

Ujanja huo haukudumu. Usenge si kubwa na watu wana macho. Ajabu ni kwamba hata ulipojulikana, watu waliendelea kuja. Walijua Amolo si mteja na bado walisimama juani, kwa sababu maneno kama yale hayakuuzwa kwingine. Beldina mwenyewe hakujua kama alichokipenda ni faida au ni maneno. Alikuja kujua Amolo alipoolewa.

Laban, mume wa Amolo, alikuwa na kazi ya ofisi katika kampuni moja Kisumu. Akamweka mkewe mtaa wa Migosi, kwenye nyumba yenye maji ya mfereji. Hiyo ilikuwa themanini na tatu. Beldina naye aliolewa hapohapo Usenge, akabaki na karai lake.

Krismasi ya kwanza Amolo alikuja kumwona mama yake, na kabla hata ya kunywa chai akashuka ufukoni. Beldina alimwona kutoka mbali, kagauni kapya, viatu vinazama mchangani, na moyo ukamchezea ngoma. Haraka haraka akampandisha ngege mkubwa juu ya wenzake. Akatayarisha mdomo. Wakakumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani, kisha Amolo akamwonyesha yule mkubwa kwa kidole.

"Huyu ni pesa ngapi?"

Beldina akataja bei isiyofaa kutajwa mbele ya Wakristo, akasimama akingoja, mikono tayari kiunoni. Amolo akafungua kibeti, akatoa noti.

"Weka tu, osiepna. Rafiki yangu, hiyo chenji wanunulie watoto wa nyumbani kwenu sukari."

Beldina akabaki na ile mikono kiunoni, asijue aipeleke wapi.

Tusidanganyane, pesa haikuwa chungu. Sukari ilinunuliwa na watoto wakainywa. Lakini Beldina alipokuwa akikoroga chai ile aliona kama amelipwa ili anyamaze, na hakuifurahia hata kidogo.

Wala Amolo hakuwa na nia mbaya, usimhukumu. Alimpenda rafiki yake. Alilijua jua la pale ufukoni, alijua karai linavyovunja shingo, na alijiambia kwamba kumnyima Beldina shilingi mbili ni dhambi. Ndivyo watu wanavyofikiri wakishapata. Wanadhani mwenye karai anataka pesa tu, mengine amesahau.

Pasaka Beldina akapandisha bei. Krismasi iliyofuata akapandisha tena. Haikuwa tamaa. Alijiambia kwamba mahali fulani huko juu lazima iko bei itakayomuudhi Amolo, itakayomfanya arushe mkono na kusema, wewe Beldina una wazimu? Mwaka mmoja akataja bei ya mbuzi. Aoko, aliyeuza samaki karibu naye, karai kwa karai, alipaliwa na uji. Amolo akalipa. Akauliza mama mkwe wa Beldina anaendeleaje na miguu, akaaga, akapanda gari.

"Wewe umepata ng'ombe wa maziwa," Aoko alisema gari lilipoondoka. "Mkamue pole pole asije akakauka."

"Sitaki maziwa."

"Unataka nini basi?"

"Nataka anitukane."

Aoko alimtazama kwa huruma, akamwambia avute kiti kivulini, jua limekuwa kali. Lakini Beldina alisema kweli. Alitamani aambiwe ngege wake ni mzee. Alitamani kugombana hadi koo likauke, na watu wacheke, na Amolo awe msichana yule wa nyuma ya mitumbwi. Mtu akiwa mbali unamkumbuka na mambo yanaisha. Huyu alikuja kila mwaka, akasimama pale pale mbele yake, na bado Beldina alimkosa, na hilo ndilo lililomuuma.

Utauliza, mbona hakumwambia? Angesemaje, we? "Tafadhali usinilipe vizuri"? Yako mambo ukishayaomba yanaharibika. Akanyamaza, akaendelea kupandisha bei.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambayo bei zilipanda zenyewe bila Beldina kuzisukuma. Unga, sukari, mafuta ya taa, kila kitu kilikimbia. Kampuni ya Laban ikapunguza watu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Habari zilifika Usenge kabla ya wenyewe: wamehama Migosi, wamerudi nyumbani kwa kina Laban, wanalima. Krismasi mbili zikapita bila Amolo.

Halafu Jumamosi moja akaja kwa miguu.

Beldina hakumtambua hadi alipokaribia. Alikuwa amekonda. Leso ilikuwa imefifia, patipati za miguuni zilikuwa nyeupe kwa vumbi la barabara, na moja ilikuwa imeshikwa na waya. Kwenye pembe ya leso palikuwa na fundo, fundo la mtu aliyefunga shilingi zake asije akazipoteza njiani. Wakasalimiana, wakashikana mikono kwa muda. Amolo akachuchumaa mbele ya karai. Akamchukua ngege mmoja wa katikati, si mkubwa, si mdogo. Akamfungua mashavu, akachungulia, akakunja uso.

"Huyu ni wa kuuza," akasema kwa sauti, "au mnangoja ndugu zake wa Nairobi wafike ndiyo azikwe?"

Aoko aliacha kufukuza nzi. Wanaume wawili waliokuwa wakishona wavu wakageuza shingo. Miaka zaidi ya kumi Beldina alikuwa amekaa akingoja sentensi moja kama hiyo, na imekuja, na sauti ni ile ile.

Sasa tazama alichofanya. Hakuisikia. Alikuwa ameona patipati zenye waya, alikuwa ameona fundo, na moyo wake ulikuwa umevunjika kabla masikio hayajafanya kazi.

"Chukua tu, osiepna," akasema pole pole, kwa ile sauti tunayoitumia matangani. "Chukua hata wawili. Mambo ya pesa tutaongea siku nyingine."

Vidole vya Amolo vilikuwa bado ndani ya mashavu ya samaki.

"Nimeuliza bei," akasema.

"Na mimi nakwambia chukua. Wewe umenisaidia sana miaka hiyo yote."

Amolo akainua macho.

"Nilikusaidia? Mimi nilikuwa nanunua samaki, Beldina."

Beldina alifungua mdomo. Alitaka kurudisha maneno, alitaka kutaja bei, bei yoyote, hata ya mbuzi. Kilichotoka ni "pole", na hilo likawa baya kuliko yote. Amolo akamrudisha ngege karaini taratibu, akamlaza kichwa upande wa vichwa vya wenzake. Akafuta vidole kwa majani. Akasogea hatua chache, akachuchumaa mbele ya Aoko.

"Na wewe mama, hawa wako walikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hawa ni wazuri," Aoko akasema, akiwa ameshtuka.

"Wazuri wa nini? Unawatafutia waume?"

Wale wa wavu wakacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akaitua. Aoko, maskini, alikuwa mtu wa kupima na kupokea pesa, hakuwahi kufundishwa haya. Lakini Beldina, ameinama juu ya karai lake, midomo ilikuwa inamcheza. Waume wanao, wewe ndiye uliyekuja harusini bila kualikwa. Aliyasema ndani ya pumzi. Amolo akasema mkia wa huyu umekatwa nusu, anataka nusu bei. Mkia aliuacha Migosi, nenda ukamtafutie, Beldina akajibu, na hakuna aliyesikia. Kila neno lilipotua, jibu lake lilikuwa tayari. Aoko akacheka tu, akapunguza bei mara ya kwanza alipoombwa, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi, na watu walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kukusanyika.

Amolo akafungua fundo, akalipa. Akasimama, mgongo umenyooka, samaki akining'inia kwa kamba ya mafunjo, akaaga wote kwa pamoja na kupanda njia ya barabarani. Hakugeuka.

"Huyo rafiki yako ana mdomo," Aoko alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Sijacheka hivi siku nyingi. Amesema nimuwekee mwingine Jumamosi."

"Amelipa ngapi?"

"Hamsini."

"Hamsini," Beldina akarudia. "Aoko, umeibiwa mchana. Mimi ningemtoa sabini, na angeondoka akinitukana hadi juu kule barabarani."

Alisema hivyo kwa ukali, kama mtu aliyekasirishwa na hasara. Kisha akainamia karai, akaanza kuwapanga upya ngege waliokuwa wamepangika, akalia.